Bukavu: Plastiki haipimwi, mwanamke ndiye analaumiwa

Katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, midoli na viatu vya plastiki laini vinauzwa kila siku bila mtu kuuliza nini kinavilainisha. Plastiki ya PVC hulainishwa mara nyingi kwa kemikali ziitwazo fitalati. Hazishikamani na plastiki: hutoka polepole, zaidi penye joto na mafuta, zikaingia mwilini. Watafiti wamezihusisha na upungufu wa mbegu za kiume na watoto kuzaliwa kabla ya wakati. Tangu 2020, Umoja wa Ulaya haukubali nne kati yake zizidi asilimia 0,1 katika bidhaa nyingi. Huku kwetu, ndoa ikikosa mtoto, mwanamke ndiye anafukuzwa. Aibu! Serikali ipime bidhaa mpakani, na mume apimwe kabla ya kumlaumu mke.