Mbeya na Iringa: Kabla ya kumwaga samadi, udongo umepimwa?

Bei ya mbolea ilipopaa mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku akiwa Mbeya, kwenye kilele cha Nane Nane. Ruzuku hiyo ilikuwa ya mbolea ya dukani. Samadi na mabaki ya mazao mkulima anajitafutia mwenyewe, na kwa kawaida anamwaga bila kupima.

Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu ardhi ya nyanda hizi haifanani. Rungwe ina udongo wa majivu ya volkano unaopitisha maji upesi, miteremko mikali, na eneo la Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Samadi iliyoachwa juu ya ardhi wakati wa masika huishia mtoni, na maji hayo yana wanywaji huko chini. Ifukiwe.

Mbarali ni tambarare, udongo mzito wa mfinyanzi. Pumba za mpunga mbichi zikifukiwa humo, vijidudu vinavyoziozesha hunyang'anya mimea naitrojeni, na mpunga unageuka njano. Zioze kwanza.

Mufindi, mkoani Iringa, tindikali ni nyingi. Huko samadi iliyoiva husaidia hasa shamba la mahindi. Chai yenyewe hupenda tindikali.

TARI Uyole hupima udongo. Aliye mbali achimbe shimo la kufika goti, alijaze maji. Yakituama hadi kesho yake, samadi isubiri.