AFYA YA NYUMBANI: Maumivu ya Kifua Yajayo na Kuondoka

Mwezi huu twataka kunena habari ya maumivu ya kifua, wala si yale yamwangushayo mtu mara moja, bali yale yajayo, yakaondoka, yakarudi tena baada ya siku chache. Hayo ndiyo yatudanganyayo zaidi. Maana yakiisha kutulia, mgonjwa husema, "Kumbe ni kichomi tu, kimepita," akashika jembe lake. Nasi twasema: kutulia si kupona.

Tuangalie sababu. Moyo ni msuli, nao hulishwa kwa damu ipitayo katika mishipa yake wenyewe. Mishipa hiyo huweza kuwa myembamba kwa ajili ya uzee, tumbaku, kisukari, au shinikizo la damu lililozidi. Wafugaji wa Butiama waijua njia ipitayo kati ya majabali: ng'ombe wawili watatu hupita bila taabu, lakini kundi zima likija kwa haraka husongamana. Ndivyo ilivyo damu. Mtu akiketi, ile kidogo yatosha. Akipanda mlima Balili kule Bunda, au akivuta nyavu mwaloni Mwigobero, moyo hudai damu nyingi, nayo haipati nafasi. Ndipo kifua hubanwa kana kwamba kimewekewa jiwe, na maumivu huenda begani, mkononi, shingoni au hata tayani. Akipumzika dakika chache hutulia. Lakini njia ingali nyembamba vile vile.

Basi mtu aliyeanza kupatwa na maumivu ya namna hiyo asingoje mavuno yaishe. Na aende hospitali siku ile ile au kesho yake, ijapokuwa ajiona mzima, apimwe shinikizo la damu, sukari, na umeme wa moyo. Tena ajue ya kuwa kipimo cha umeme wa moyo huweza kuonekana chema wakati maumivu hayapo. Kwa hiyo maneno ya mgonjwa ni sehemu ya kipimo. Yafaa kuandika katika daftari: siku, saa, kazi aliyokuwa akifanya, maumivu yalikaa dakika ngapi, yalikwenda wapi, yalitulizwa na nini. Walimu waweza kuwasaidia wazee wasiojua kuandika.

Lakini ziko dalili zisizongojewa hata saa moja. Maumivu yakimshika mtu hali ametulia, yakapita dakika 15. Au yakija pamoja na jasho baridi, kutapika, kukatika pumzi au kuzimia. Au yale yaliyokuja mara moja kwa wiki yakianza kuja kila siku, kwa kazi ndogo, achukuliwe upesi, hata kama ni usiku wa manane. Akae, asitembee, wala asiendeshe pikipiki mwenyewe. Tena wanawake, wazee na wenye kisukari huenda wasisikie maumivu makali, bali kuishiwa nguvu na pumzi tu, nao wasidharauliwe.

Si kila maumivu ya kifua ni ya moyo. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, pamoja na kukonda na jasho la usiku, chataka kupimwa kifua kikuu, ambacho hutibiwa bila malipo. Hasa kwa wachimbaji wa dhahabu wa Buhemba na kwingineko wavutao vumbi la mawe. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi katika nchi za Ziwa, akiumwa kifua pamoja na homa, apelekwe mara moja. Kiungulia nacho huchoma kifua baada ya kula. Walakini mtu mzima asijihukumu mwenyewe, kwa maana moyo huweza kujifanya kiungulia.

Sasa twaja kwenye jambo gumu kuliko yote. Mara nyingi mgonjwa ni baba wa nyumba, naye ndiye aamuaye safari na fedha. Aogopa kuuza ng'ombe kwa maumivu yatakayotulia kabla ya jua kuchwa, tena aona haya kuamsha majirani. Mama na watoto wamtazama, wangoja neno lake, naye neno lake ni lile lile, "Yatapita." Hivyo usiku wote hupotea.

Kwa hiyo twawasihi mpatane mapema, wakati baba yu mzima na mazungumzo ni ya upole. Semeni: siku ya maumivu hayo, mgonjwa haamui, mama au mwana mkubwa ndiye atakayeamua. Jueni ni gari la nani litakaloitwa, na fedha gani zimewekwa kando. Hospitali ziko Musoma na Bunda. Penye haja ya matibabu makubwa zaidi, iko Bugando kule Mwanza, na tangu mwaka 2015 iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Lakini safari ya mbali huanza kwa kufika hospitali iliyo karibu.

Ikiwa daktari aona ni msuli tu uliochoka, mtarudi nyumbani kwa furaha, wala hakuna aliyeaibika. Baba asiambiwe, "Ulitusumbua bure," asije akanyamaza siku nyingine. Kaeni salama.