Bingo ya historia: niliandika programu mbovu, ikapendwa

Leo sizungumzii seva wala simu mpya. Leo nina ugomvi, na ninaanza kugombana na mimi mwenyewe.

Mwalimu mmoja wa historia aliniomba nimtengenezee programu ya kuchapa kadi za bingo. Alitaka wanafunzi wake warudie mambo ya Kenya ya miaka ya 1990 kabla ya mtihani. Kazi ya jioni moja tu! Nikaandika orodha ya maneno 40: Saba Saba, FORD, kifungu 2A, Goldenberg, IPPG, El Niño, bomu la 1998 na kadhalika. Programu inachanganya maneno, inachagua 24 kwa kila kadi na kuyapanga kwenye miraba 25. Mraba wa katikati unaandikwa BURE. Mwalimu anasoma neno, mwenye nalo anaweka punje ya mahindi. Ukijaza mstari wa miraba mitano, unapiga kelele. Darasa likachangamka, nami nikavimba kichwa.

Binti wa dada yangu yumo katika darasa hilo. Akaja nyumbani akitamba: "Mjomba, nimeshinda bingo mara mbili!" Nikamwuliza, haya, kifungu 2A kilikuwa nini? Akafikiri kidogo. "Kilikuwa chini ya El Niño."

Alimaanisha kwenye kadi.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Tarehe 7 Julai 1990 babu yake, yaani baba yangu, alirudi nyumbani na kiatu kimoja, macho mekundu kwa gesi ya kutoa machozi. Mjukuu wake anaijua siku ile kama mraba wa karatasi.

Sasa hoja yangu. Bingo ya namna hii inampima mtoto masikio na macho, basi. Nikitaka kompyuta icheze, natoa amri chache tu: pokea neno, litafute kwenye kadi, weka alama, mstari ukijaa sema bingo. Programu hiyo itashinda bila kujua kama Matiba ni mtu au mlima. Zoezi ambalo kompyuta inalifaulu bila kuelewa lolote, tunampa mtoto la nini?

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi. Kazi ya programu yangu ni kuvuruga mpangilio, na historia bila mpangilio haieleweki. Tazama mfano huu. Mwaka 1982 Bunge liliweka kifungu 2A kwenye katiba, KANU ikawa chama pekee halali. Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia wakadai vyama vingi hadharani. Julai wakakamatwa, siku chache kabla ya mkutano waliouitisha Kamukunji. Watu walienda hata hivyo, wakakuta polisi. Agosti 1991 FORD ikaundwa. Novemba wafadhili wakasimamisha misaada. Desemba kifungu kikaondolewa. Ungedhani KANU imekwisha, sivyo? Lakini 1992 FORD ikapasuka: FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga, FORD-Asili ya Matiba. Tarehe 29 Desemba 1992 Rais Moi akashinda kwa chini ya asilimia 40 ya kura. Mtoto asiyejua kwamba FORD ilipasuka kabla ya uchaguzi atawezaje kueleza matokeo hayo?

Najua nitakachojibiwa. Ni saa nane mchana, darasa limejaa, watoto wanasinzia, na hayo ni marudio tu. Nakubali kwamba kusomewa noti ni kubaya zaidi, na sisemi bingo ifutwe. Ila marudio ya nini? Ukirudia majina utavuna majina.

Kwa hiyo nimeiandika upya. Kwanza, mwalimu hasomi tena neno, anasoma kidokezo: "Kilifanya KANU kuwa chama pekee halali." Mwanafunzi ajitafutie. Pili, anayepaza sauti bado hajashinda. Ayapange mambo yake matano kwa miaka, kisha achague mawili aeleze moja lilisukumaje lingine. Kama hayahusiani, aseme hivyo na atoe sababu. Mvua za El Niño hazikuletwa na IPPG! Akishindwa, mchezo unaendelea. Wenzake wote watamsikiliza kwa makini, maana kila mmoja anaomba akosee. Tatu, nimeuondoa mraba wa BURE. Miaka ile hakuna kilichopatikana bure.

Mwalimu analalamika kwamba sasa anamaliza mchezo mmoja kwa kipindi, zamani alimaliza minne. Vizuri sana! Ile minne ilimfundisha nani?

Binti wa dada yangu alishindwa mara ya kwanza. Alijaza mstari, akasimama, akakwama kwenye 2A. Jioni akaenda kwa babu yake kumwuliza. Mzee huyu hajawahi kutusimulia sisi watoto wake habari za siku ile, hata tulipomwomba. Safari hii aliulizwa swali lenye kichwa na miguu, akaanza na habari ya kile kiatu.

Walimu, mnaoitaka programu niandikieni, sitozi hata shilingi. Ila toleo la kwanza msiniombe. Nimelifuta.