KUONGEZEWA DENI SI KUONGEZEWA MSHAHARA

Ndugu wanachama,

Wengi wenu mmetuuliza namna ya kuiandikia benki ili kiwango cha kadi ya mkopo kiongezwe, kitoke shilingi 50,000 kifike 100,000. Hatuwakatazi. Mtu mzima ajua shida za nyumba yake. Lakini ni wajibu wetu kuwaambia kweli kabla hamjatia sahihi.

Kwanza, hesabu. Tuseme mfanyakazi apata shilingi 40,000 kwa mwezi, na benki yatoza riba ya 3 kwa 100 kila mwezi. Akiongezewa mpaka 100,000, akazitumia zote, kisha asilipe ila riba tu, atatoa 3,000 kila mwezi na deni litabaki pale pale. Kwa mwaka ni 36,000, karibu mshahara wa mwezi mzima. Sasa tazameni upande wa pili. Chama kikibishana na tajiri miezi na miezi, kikapata nyongeza ya 5 kwa 100, mtu huyu ataongezewa 2,000. Riba itaila nyongeza yote, na bado itamdai 1,000 juu yake.

Pili, sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, yasema kwamba makato yote anayokata tajiri yasizidi theluthi mbili za mshahara. Maana yake theluthi moja lazima ikufikie, watoto wapate kula. Ukitaka mkopo unaolipwa kwa makato, karani wa mishahara huitazama theluthi hiyo, na isipobaki hukataa. Wengi humlaumu karani huyo, kumbe ndiye mlinzi wao. Lakini deni la kadi halipiti mikononi mwa tajiri. Mshahara ukishaingia benki, ulinzi huo umekwisha. Benki yaweza kujitwalia malipo yake kwa idhini uliyoitia sahihi wewe mwenyewe, na ile theluthi ikaenda.

Basi mwenye nia ya kuomba na ajiulize: Je, mwezi uliopita nililipa deni lote, au nililipa kile kidogo kinacholazimishwa tu? Aliyezoea kulipa lote, na mshahara wake umepanda, aombe bila hofu. Apeleke hati zake za mshahara za karibuni, ataje kiasi anachohitaji na sababu yake, na atake riba na ada zote zionyeshwe kwa maandishi. Tena asitoe fedha taslimu kwa kadi, maana kwa kawaida hizo hutozwa riba tangu siku ile ile.

Aliyelipa kidogo tu, huyo asiombe kuongezewa. Aiombe benki impangie malipo upya, kabla hajaandikwa CRB kuwa ameshindwa kulipa. Na kama shida ni karo ya Januari, atazame kwanza Sacco yake. Sacco nyingi hutoza 1 kwa 100 kwa mwezi, na riba hupungua kadiri deni linavyopungua. Ikiwa benki imetaka kukuongezea bila kuombwa, kumbuka waweza kukataa.

Hatusemi haya kumcheka mwenye deni. Anayenunua unga kwa kadi tarehe 20 si mpumbavu wala si mbadhirifu; mshahara wake haukufika mwisho wa mwezi. Lakini kila tunapoziba pengo hilo kwa deni, tajiri halioni. Yeye huona watu wamefika kazini, wamevaa, wamekula, na husema mshahara watosha.

Kwa hivyo twawaomba jambo moja. Kabla hamjaiandikia benki, andikeni matumizi yenu ya mwezi mmoja: kodi ya nyumba, unga, nauli, karo, dawa, na riba mnayolipa. Msiandike jina. Mpeni karatasi hiyo mwakilishi wenu wa chama kazini. Siku ya kuzungumza mapatano mapya tutaziweka zote mezani mbele ya tajiri, azisome mwenyewe.

Benki ikikuongezea 50,000, utazirudisha na riba juu yake. Nyongeza ya mshahara hairudishwi. Hiyo ndiyo ya kuombwa kwanza, na haiombwi na mtu mmoja.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI