Mikondo Mitatu, Mtoto Mmoja



Wazazi wenzangu, majuma haya suali moja limetangulia mengine yote katika mabaraza yetu: mtoto aliye Gredi ya 9 achague masomo gani?

Wazee wetu waliosoma kabla ya mfumo wa 8-4-4 wanalijua suali hili kwa sura nyingine. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, kijana aliyebahatika kufika kidato cha tano aliyaacha masomo mengi akashika machache, na hayo ndiyo yaliyomfungulia au kumfungia milango ya chuo kikuu. Ndugu zetu wa Tanga na Unguja wangali na utaratibu huo, nao huuita tahasusi: mwenye PCB hushika Fizikia, Kemia na Biolojia, mwenye HKL hushika Historia, Kiswahili na Kiingereza. Sisi tuliuacha, na sasa umeturudia kwa mlango mwingine. Tofauti kubwa ni umri. Kijana wa kidato cha tano alikuwa ameshapevuka; huyu wetu aghlabu ana miaka 14 au 15. Kwa hivyo hawezi kuachwa peke yake, wala haifai kuamuliwa kila kitu.

Kwa ambao hawajapata maelezo, mambo yenyewe ni haya. Sekondari Pevu ni Gredi ya 10 hadi ya 12, na kundi la kwanza liliingia Januari 2026. Kuna mikondo mitatu: STEM, yaani Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, kisha Sayansi ya Jamii, kisha Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mwanafunzi husoma masomo saba. Manne ni ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na mafunzo ya huduma kwa jamii. Hayo matatu yaliyobaki ndiyo ya kuchagua, na ndiyo yanayoleta mashauri majumbani.

Baba mmoja alinijia baada ya sala ya Ijumaa akitaka nimnasihi bintiye. Binti ataka Kiarabu, Historia na Elimu ya Dini ya Kiislamu; baba ataka awe daktari, na jamaa wameshaanza kumwita hivyo. Nilimuuliza alama za mtoto katika Sayansi zikoje. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Atajitahidi, sheikh." Nikamuuliza za lugha. Akasema, "Hizo hazimpi taabu hata siku moja."

Jawabu lake lilikuwa katika maneno yake mwenyewe. Mara nyingi sisi wazazi tunayo maarifa yote yanayohitajika, ila twayaweka kando kwa sababu hayaelekei tunakotaka. Mtoto amesoma miaka mitatu ya sekondari ya chini mbele ya macho yetu. Serikali yenyewe, inapompangia shule, haitazami mtihani mmoja tu: tathmini ya Gredi ya 6 huchukua asilimia 20, kazi za shuleni asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 9 asilimia 60. Ikiwa dola yatazama miaka, vipi mzazi atazame jina la kazi peke yake?

Imamu Ibn al-Qayyim, alipoandika juu ya malezi, aliwausia wazazi wachunguze mtoto ameelekea wapi kwa maumbile na uwezo wake, wala wasimsukume kwenye jingine maadamu alilolielekea ni la halali. Wasia huu ni wa karne nyingi, na kwa mzazi wa Gredi ya 9 ni kama ulioandikwa jana.

Lakini nisieleweke kuwa nawapungia mkono wanaotaka STEM. Mtoto aliyejaaliwa Hisabati na Fizikia, kisha akazuiwa kwa kuwa babaye aona Elimu ya Dini ndiyo itakayomlinda, naye amedhulumiwa. Dini ya mtoto hailindwi kwa somo la mtihani. Hulindwa nyumbani, madrasani na kwa mfano wa wazazi. Wala lipo kosa jingine lililozoeleka pwani: mtoto mwerevu hupelekwa Sayansi, na aliyeshindwa ndiye huambiwa, "Basi wewe shika dini." Kisha twalalamika kuwa walimu wa dini ni dhaifu! Kadhi huamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya watu. Mfasiri wa Kiarabu hubeba amana ya maneno ya wengine. Kazi hizi zataka akili iliyo bora, si mabaki.

Imamu Ghazali aliwalaumu watu wa zama zake waliojazana katika fiqhi ilhali miji mingine haikuwa na tabibu Muislamu hata mmoja. Aliona kwamba faradhi ya kifaya haitimizwi kwa watu wote kukimbilia mlango mmoja. Leo twaweza kujazana upande wa pili: kila nyumba yataka daktari, na hakuna anayeuliza nani atasomesha, nani atahifadhi tarehe ya miji yetu, nani atatengeneza injini za boti.

Hilo la boti silisemi kwa mzaha. Ndani ya STEM hamna udaktari na uhandisi tu. Mna Kilimo, Umeme, Ujenzi, Useremala, na hata Teknolojia ya Bahari na Uvuvi. Sisi ni watu wa bahari, tuna bandari ya Mombasa, na tangu 2021 meli zatia nanga katika bandari mpya ya Lamu. Waliotutangulia walilifahamu hili: MIOME, chuo cha ufundi kilichoanzishwa Mombasa kwa ajili ya Waislamu na kuanza kusomesha mwanzoni mwa miaka ya 1950, kilifundisha ubaharia na umeme pamoja na useremala. Chuo hicho ndicho leo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Hakuna aibu kwa mtoto mwenye mikono mahiri kushika somo la mikono.

Basi kabla ya kutia jina la mtoto, yapasa kuulizana mambo matatu, na mtoto mwenyewe awe amekaa kitako pamoja nanyi.

La kwanza: ni somo gani alisomalo bila kusukumwa, na alama zake zashuhudia? Mapenzi bila alama huenda yakawa ni kumfuata rafiki au kumpenda mwalimu. Alama bila mapenzi huchosha njiani. Yakikutana yote mawili, huna haja ya kutafuta zaidi.

La pili: uchaguzi huu wafunga mlango gani? Udaktari na ufamasia haviendi bila Kemia na Biolojia. Uhandisi wataka Fizikia na Hisabati. Na fahamu kuwa Hisabati ya STEM ni nzito kuliko ile ya mikondo mingine. Sheria yataka umahiri wa lugha. Mtoto aambiwe haya wazi, asije akagundua mlango umefungwa akiwa ameshafika kizingitini.

La tatu: je, shule yenyewe yafundisha masomo hayo? Si kila shule ina mikondo yote mitatu, na ile ya Sanaa na Michezo ni haba. Hapa nawasemesha hasa wazazi wa mabinti. Wengi hatutaki waende bweni mbali, na hilo ni haki ya mzazi kulipima. Lakini usiseme "atasoma popote palipo karibu" kisha ukamwachia achague masomo yasiyofundishwa hapo. Nenda kwa mwalimu mkuu, muulize ana mwalimu wa Kiarabu au hana, ana maabara au hana. Mguu wako mmoja wa leo waweza kumwokolea binti miaka mitatu.

Mkishamaliza haya, salini istikhara. Istikhara haisimami mahali pa kutazama alama wala pa kumuuliza mwalimu. Huja juu ya hayo, kwa mtu aliyefanya lililo juu yake kisha akamkabidhi Mola wake lililobaki.

Na mkikhitilafiana baada ya mashauri yote, mzazi na akumbuke kwamba ni mtoto atakayeamka alfajiri kwa miaka mitatu akabeba vitabu hivyo. Haki ya kunasihi ni yako. Mzigo ni wake, na mwenye kubeba mzigo hushauriwa juu ya uzito wake.

Wabillahi tawfiq.