Kuacha sigara nako kunahitaji mtaji

Mvutaji wa Lalago, wilayani Maswa, hununua sigara moja moja, hivyo haoni hasara yake. Anayevuta tano kwa siku humaliza 1,825 kwa mwaka.

Kinachomrudisha dukani ni nikotini, iliyomo pia katika sigara nyingi za kielektroniki. Bigijii na plasta za nikotini hutuliza hamu hiyo bila moshi. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009.

Lakini dawa hizi huuzwa kwa pakiti, na dozi kwa kawaida ni wiki nane hadi 12. Mkulima atenge fedha mara auzapo pamba, asisubiri palizi. Kwanza apate ushauri zahanati.