Nyumba kongwe ya Juba haiponi kwa saruji peke yake

Lori la vifaa vya ujenzi linalovuka Elegu, likaingia Nimule na kumaliza kilomita 192 za lami hadi Juba, kwa kawaida limejaa saruji, nondo na mabati. Hakuna la ajabu hapo. Tangu uhuru wa Julai 2011 mji huo umekuwa ukijengwa, ukavurugwa na vita vya Desemba 2013 na vya Julai 2016, ukaanza kujengwa upya. Mfanyabiashara wa Kampala, Arua au Nairobi hupeleka kinachotoka haraka. Lakini wapo wanunuzi wanaofika soko la Jebel wakihitaji kitu kingine, wakakikosa, wakaondoka na saruji kwa sababu ndiyo iliyopo. Hao ni wenye nyumba za zamani. Wanauziwa ugonjwa, na anayewauzia anaamini kabisa kwamba amewapa dawa.

Jebel yenyewe si mtaa wa nyumba kongwe. Iko upande wa magharibi wa mji, chini ya mlima wa Jebel Kujur, kwenye barabara ya kwenda Yei, na watu wengi wa mjini huijua kwa soko na kwa mawe. Nyumba za umri mkubwa ziko ndani zaidi, Malakia na mitaa ya jirani, kwenye mji ulioanza kupangwa mwishoni mwa miaka ya 1920 makao ya mkoa yalipohamishwa kutoka Mongalla. Wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga hapo maduka na maghala ya mawe, maofisa wa Kiingereza wakajenga nyumba zenye baraza pana. Zilizobaki zina kuta nene, dari ya juu na madirisha yanayoachia upepo. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Siku kama hizo hakuna aliye ndani ya chumba cha matofali membamba ya saruji chini ya zinki tupu anayehitaji kuelezwa kwa nini wazee walijenga vile.

Wenye nyumba hizo wengi hawana fedha za mkandarasi. Pauni imeporomoka, na bei za kazi kubwa hutajwa kwa dola. Kwa hiyo hufanya wenyewe: mwisho wa wiki, ngazi ya kuazima, mpwa wa kuchanganya mchanga, na fundi wa Kiganda au Mkenya wa siku moja kwa yale yanayowashinda. Haraka yao ina sababu. Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, zaidi ya watu milioni moja wamevuka kuingia Sudan Kusini, na ndugu aliyefika kutoka Khartoum hulala kwenye chumba kilichokuwa kimefungwa miaka mingi kwa sababu paa linavuja. Sababu nyingine husemwa kwa sauti ya chini: nyumba inayoonekana kuachwa, Juba, hupata mwenyewe mwingine. Kupaka rangi ukuta wa mbele ni njia ya kusema kwamba tupo.

Sasa tatizo la saruji. Ukuta wa matofali ya kuchoma au mawe uliounganishwa kwa udongo au chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini wakati wa mvua na kuutoa polepole wakati wa kiangazi. Unapumua, ndivyo waashi wa zamani walivyosema, na walisema kweli. Ukiupiga lipu ngumu ya saruji, maji yaliyoingia hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, yanabeba chumvi, yanalainisha tofali kwa ndani. Mwaka wa kwanza ukuta unapendeza. Wa pili unatoa malengelenge. Wa tatu lipu inaanguka vipande vikubwa kama sahani, kila kipande kikiwa kimeng'oa uso wa tofali. Mwenye nyumba huona tofali bovu, akarudi Jebel kununua mfuko mwingine.

Kujua ukuta ni wa aina gani hakuhitaji mhandisi. Msumari unatosha. Ukikwaruza kiungo kati ya tofali na tofali kikamwagika unga, hapo ni udongo au chokaa. Msumari ukiteleza, ni saruji. Wa kwanza unataka chokaa. Ikiwa lazima saruji iwepo, basi iwe kidogo: kipimo kimoja cha saruji, viwili vya chokaa, tisa vya mchanga. Huo ni mchanganyiko unaojulikana na waashi kote duniani, dhaifu kwa makusudi, ili ufa ukitokea utokee kwenye lipu na tofali libaki salama.

Soma pia mfuko. Kiwango cha saruji cha Afrika Mashariki, EAS 18-1, kinataka daraja la nguvu liandikwe, na tofauti kati ya 32.5 na 42.5 si urembo wa kiwandani. Ile ya 42.5 ni ya nguzo na zege. Muuzaji anayemsukumia mwenye nyumba ya mwaka 1935 mfuko wa 42.5 wa kupigia lipu, kwa hoja kwamba ndiyo kali zaidi, anamharibia nyumba kwa bei ya juu. Halafu kuna maji, gharama ambayo hakuna anayeiandika kwenye karatasi. Saruji lazima imwagiliwe siku kadhaa, na Juba maji hayo hununuliwa kwenye lori la tangi. Wengi hupunguza siku za kumwagilia ili kuokoa fedha, jua likamaliza kazi, ukuta ukapasuka. Chokaa nayo hutaka unyevu na magunia mabichi ya kuifunika, lakini humsamehe mtu aliyefanya kazi taratibu, Jumamosi hadi Jumamosi.

Chokaa haitoki mbali. Uganda huichoma Muhokya, wilaya ya Kasese. Kenya wana Koru. Tanzania wana Tanga. Yote hayo yamo ndani ya Jumuiya ambayo Sudan Kusini ilitia saini kujiunga nayo Aprili 2016, jijini Dar es Salaam. Hata hivyo chokaa inayofika Jebel mara nyingi huchukuliwa kuwa kitu cha kupakia rangi nyeupe tu, mifuko michache pembeni mwa mlima wa saruji. Anayesema hakuna soko lake hajajaribu kuuza. Amengoja kuulizwa, na mnunuzi hawezi kuulizia asichokijua.

Zanzibar imepitia njia hii, kwa gharama kubwa. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu kabla ya hapo wataalamu wamekuwa wakipambana na lipu ya saruji juu ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Jengo lile lilikuwa na matatizo yake mengi na si haki kulibebesha jambo moja. Lakini linakumbusha kwamba ukuta wa zamani hubeba uzito kwa namna yake, na anayeugusa bila kuuelewa anaweka watu chini yake.

Juu ya ukuta kuna paa, na hapa lawama ni ya biashara moja kwa moja. Kila anayeuza bati anajua kwamba namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Mnunuzi wa Jebel mara nyingi hajui, na geji 32 huuzwa kana kwamba ni mdogo wa geji 30 mwenye bei nafuu. Juu ya kenchi za zamani zilizopinda kidogo, bati hilo hukunjika mtu akilikanyaga, matundu ya misumari hupanuka kwa upepo, na mvua ya pili huingia. Aliyeuziwa hivyo hasahau lori lilikuwa na namba za nchi gani. Heshima ya bidhaa za Uganda au Kenya katika soko lile inapotea bati moja moja.

Milango ina kichekesho chake, kama mtu ana moyo wa kucheka. Barabara ya Yei inayopita Jebel ndiyo inayokwenda hadi Loka, kwenye shamba la misaji lililopandwa enzi za ukoloni, na kuendelea hadi mpaka wa Kaya na Oraba. Msaji wa Equatoria umekuwa ukivuka kwenda Uganda ukiwa magogo. Mwenye nyumba wa Malakia, ambaye fremu zake za msaji zimedumu miaka themanini na mchwa wamezionja wakaziacha, anapotaka kubadilisha moja huuziwa mlango wa mbao laini uliotoka upande ule ule magogo yalikokwenda. Fundi seremala wa Arua au Koboko mwenye mashine ya kuranda angeweza kurudisha fremu na mbao zilizokatwa kwa vipimo. Faida iko kwenye kuranda, na ni biashara ya pande zote mbili.

Wala Jebel si mahali pa kununulia tu. Chini ya mlima, wanawake wengi, baadhi yao wajane na waliokimbia vita, huvunja mawe kwa nyundo na kuuza kokoto kwa rundo. Kokoto ndiyo hali ya chini kabisa ambayo jiwe linaweza kuuzwa. Ukuta wa mawe unaokarabatiwa hauhitaji kokoto. Unahitaji jiwe lililochongwa likakaa kwenye pengo lake, na jiwe moja la namna hiyo lina haki ya bei tofauti. Tindo nzuri na mtu wa kufundisha uchongaji vingefaa pale kuliko semina nyingine ya ujasiriamali.

Kikwazo cha mpakani kipo na si kidogo. Jumuiya ina Utaratibu Rahisi wa Biashara kwa shehena isiyozidi dola 2,000, wenye cheti rahisi cha uasilia, na bidhaa za mwenye nyumba kongwe, yaani bawaba, chokaa, mbao chache, zingeingia humo bila shida. Sudan Kusini bado haijaufikisha Umoja wa Forodha pale wanachama wa zamani walipoufikisha, na vizuizi vya barabarani baada ya Nimule hutoza bila kuuliza umebeba nini. Mzigo mdogo ndio unaoumia zaidi, kwa sababu tozo ya kizuizi haipungui kwa kuwa umebeba mifuko ishirini badala ya mia sita. Ndiyo maana wafanyabiashara wadogo wangefanya vizuri kuchanga lori moja: nusu saruji kama kawaida, robo chokaa, robo mbao na vyuma vya milango, na kila mmoja na karatasi zake.

Mvua za Juba huanza kushika karibu na Aprili, na lipu ya chokaa inataka wiki kadhaa kavu kabla ya hapo, kwa hiyo oda ya maana ni ya Desemba au Januari. Anayepakia aagize chokaa iliyokwisha kuzimwa, iliyo katika unga. Ile mbichi ikipata maji njiani huchemka kwa joto linaloweza kuwasha magunia, na foleni ya Elegu si mahali pa kuwa na lori linalofuka moshi.